Ziara Niliyokataa Kuiombea Radhi

Nimestaafu mwezi uliopita. Nimerudisha funguo za stoo, kitambulisho cha kazi, na kiti cha kuzunguka ambacho nilikabidhiwa kikiwa na magurudumu matano na nimekirudisha kikiwa na manne. Gurudumu la tano naapa sijui lilipo. Daftari langu la safari sikulirudisha. Bwana mdogo wa utumishi aliniambia kila chenye maandishi ya kazi ni mali ya kituo. Nikamwambia basi aanze na kichwa changu.

Ninyi wa kitengo cha wageni mmeniomba niwaandikie nilivyokuwa nafanya kazi. Nawaandikia. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilichelewa, na mshahara mnaujua kwa kuwa ndio huohuo mnaoupata. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe ya kuwachukua watu waliokuja kwenye mkutano na kuwatembeza siku moja kabla mkutano haujaanza. Nitaandika pia kwa nini kwenye faili la ziara kuna barua yenye aya moja iliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Najua mmeiona. Najua mmeambiwa pia kwamba aliyeikata alikuwa mkaidi. Mkaidi huyo ni mimi, na kalamu bado ninayo.

Nilianza kama mtu wa mapokezi. Kwa asiyekijua kituo chetu, ni ukumbi mkubwa, mabweni mawili na bwalo, hapa Kibaha, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro. Watu wa vyama na taaluma mbalimbali huja kufanya mikutano yao mikuu, na tangu zamani ilikuwa desturi kuwapa ziara ya siku moja kabla ya kuwafungia ukumbini. Siku yangu ya nne kazini, mwenzangu aliyekuwa akisindikiza wageni aliugua, nikaambiwa panda basi. Ziara ilikuwa ya Dar es Salaam, kama kawaida. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya visigino.

Tulitoka saa mbili asubuhi. Tukakaa kwenye foleni kabla ya Kimara, tukakaa tena kwenye foleni baada ya Kimara, na tulipofika makumbusho wageni walikuwa wanataka choo, historia ingesubiri. Tuliona sanamu mbili, tukala chipsi, tukageuza. Kurudi walilala wote. Mimi nilisimama mbele na kipaza sauti, viatu mkononi, nikiwaeleza habari za Ubungo watu arobaini wanaokoroma.

Aliyekuwa macho ni dereva tu, Mzee Kibwana, mtu wa Mlandizi. Tulipofika kituoni alizima injini akaniangalia miguu.

"Binti, watu wako umewahesabu?"

"Nimewahesabu, mzee. Wako arobaini."

"Umehesabu vichwa. Majina umeyaita?"

Nikasema sikuyaita.

"Basi hujui umerudi na nani," akasema, akashuka kwenda kuswali.

Kila ninachokijua kwenye kazi hii nimekipata kwa mzee yule, na hakuwahi kunikalisha darasani. Alinifundisha kupita njia yote siku moja kabla, saa ileile tutakayopita na wageni, na kuuliza mambo matatu kila tutakaposimama. Choo kiko wapi na kina maji? Saa sita kivuli kinakuwa upande gani? Nani kafiwa? Basi lenye muziki likipita mbele ya msiba, mmeharibu siku ya watu na siku yenu pia. Alinifundisha kubeba kanga sita za akiba na ndoo moja yenye mfuniko, na kutenga dakika arobaini kwa ajili ya kitabu cha wageni, maana kila ofisi mtakayopita italeta kitabu cha wageni, na kila mgeni ataandika kwenye safu ya maoni kwamba amefurahi.

Juu ya yote alinifundisha kuita majina. Kabla ya kuondoka mahali popote nilitakiwa kusimama mlangoni mwa basi na daftari, niite jina, na mwenye jina aitikie kwa kutaja na mahali alipo. "Nipo, Kariakoo." "Nipo, Magogoni." Wenye vyeo walichukia. Profesa mmoja aliniambia yeye si mtoto wa shule. Nikamjibu kwamba watoto wa shule huwa hawapotei. Mzee Kibwana alikuwa na sababu yake. Alisema mtu akipataja mahali kwa kinywa chake mwenyewe, hawezi tena kusema hajafika. Sikuielewa sana sababu hiyo wakati ule, ila niliitii, kwa sababu kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hatukupoteza mtu hata mmoja.

Wazo la Kisarawe lilinijia kwa aibu. Mimi ni mzaliwa wa Kurui, kule ndani Kisarawe. Nimelelewa na shangazi yangu Pili, kwa muhogo wake na kwa fimbo yake. Siku moja tuko kwenye basi tunaelekea Dar, mgeni mmoja, mama wa watu kutoka Mbeya, akachungulia dirishani akaniuliza, "Dada, hapa ni wapi?" Tulikuwa bado hatujatoka Kibaha. Nikamjibu, "Hapa bado, mama. Wewe lala tu, tukifika mahali nitakuamsha."

Nilisikia nilichosema, na sikuipenda sauti yangu siku nzima. Mtu amesafiri kutoka Mbeya hadi kwetu, anauliza kwetu ni wapi, nami mwenyeji wake namwambia alale.

Basi nikaandika pendekezo. Asubuhi tuanze na mji wetu wa Kibaha na soko lake. Kisha Kisarawe mjini, juu mlimani, mahali unaposimama kwenye upepo ukaiona Dar ikiwa imelala bondeni kwenye joto lake. Kisha Pugu, msitu na mapango ya udongo mweupe. Chakula cha mchana Kurui, nyumbani kwa watu, mkekani. Kurudi tupitie Mzenga hadi Mlandizi, tuingie barabara kuu, saa kumi jioni tuko kituoni na wageni wana nguvu ya kukaa mkutanoni kesho yake. Nikampelekea bosi wangu, Bwana Mzava, mkuu wa utawala. Alisoma ukurasa wa kwanza, ule wa pili akaupepea.

"Bi Tatu, Kisarawe kuna nini? Mihogo na popo."

"Na Dar kuna nini, bosi? Foleni."

"Wageni wanataka kuona jiji."

"Jiji wameliona kwenye televisheni. Kisarawe nani kawaonyesha?"

Tulibishana hivyo kwa misimu mitatu ya mikutano. Mzee Kibwana alistaafu nikiwa bado nabishana. Mwishowe Bwana Mzava alichoka, akanipa ziara moja. Alinyoosha kidole kimoja kabisa nikione. Ikienda vizuri, Kisarawe itaingia kwenye ratiba ya kila mkutano. Ikiharibika, hakuna mgeni wa kituo atakayekanyaga tena huko, nami nitakwenda kuhesabu viti stoo. Nikasema sawa. Nilisema haraka sana, kama mtu aliyeshikiwa mlango.

Mkutano ulikuwa wa chama cha wapima ardhi. Wajumbe thelathini na mmoja walifika mapema kwa ajili ya ziara, na kati yao alikuwemo mwenyekiti wao, Mzee Mihambo, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jioni ya siku hiyohiyo, saa kumi na mbili, alitakiwa awe ukumbini kumkaribisha mgeni rasmi. Hilo nililijua. Nilikuwa nimeliandika mkononi.

Sasa niseme kosa langu, maana ninalo, na ni moja. Kofia. Nilishona kofia nyeupe thelathini na moja zenye jina la chama, kila mjumbe ya kwake. Nilitaka ziara ionekane ya kisasa ili Bwana Mzava asipate la kusema. Kofia nyeupe unaihesabu kutoka mbali, huna haja ya kusimama mlangoni kuita watu wazima majina. Daftari la kuita majina nililiweka chini ya kiti. Sitamsingizia mtu.

Asubuhi ilienda vizuri mpaka nikaogopa. Mlimani Kisarawe wapima walitoa simu zao wakaanza kubishana kuhusu mwinuko, kila mmoja na namba yake. Pangoni Pugu mmoja alitaka kujua wale popo ni wakazi wa kijiji kipi. Mzee Mihambo alipaka udongo mweupe kwenye kidole, akaunusa, akaniambia, "Bi Tatu, nimepita hapo chini barabarani maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna kitu huku juu." Nilitaka kumkumbatia. Nilimpa maji.

Kurui tulifika saa saba. Shangazi Pili alikuwa ametandika mikeka chini ya turubai, na wanawake wa jirani wamepika wali wa nazi, kisamvu na kuku. Wageni wakaamkia, wakanawa, wakala. Kisha shangazi akaanza kuuliza mmoja mmoja anatoka wapi, kama wazee wetu wanavyouliza, na akafika kwa mwenyekiti.

"Mie natoka Tabora, mama. Mnyamwezi."

Shangazi aliweka sahani chini.

"Mnyamwezi! Yaani mpagazi wangu umejileta mwenyewe? Na mzigo umeutua wapi?"

"Nimeutua kwako, Mzaramo. Nilisikia umeuza shamba ucheze ngoma, nikaja kuona kama ni kweli."

Kelele zilizopigwa hapo zilifika barabarani. Ninyi mliokulia mjini labda utani wa makabila mnausikia harusini tu. Kwetu, Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana hakuna cheo tena. Mtani anaweza kukuvua kiatu akaenda nacho, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Shangazi alimvua mwenyekiti kofia yake nyeupe, akachukua na viatu, akamkabidhi jembe. Hukumu ilikuwa achimbe muhogo huko nyuma, aujaze kikapu, aubebe kichwani mpaka mlangoni kama wapagazi wa zamani, ndipo akombolewe. Mwenyekiti wa wapima ardhi alikunja suruali akaenda shambani peku, anacheka kama mtoto.

Niliyaona hayo yote kwa macho yangu. Ila wingu lilikuwa limeshasimama upande wa Mzenga, na barabara ile ikilowa, basi huserereka. Nikaanza kuwaharakisha watu. Nikasimama mbele ya basi, nikaangalia nyuma, nikahesabu kofia. Thelathini na moja. Nikahesabu tena. Thelathini na moja. Nikamwambia dereva twende.

Tulishinda mvua. Tulipita Mzenga, tukatoka Mlandizi, tukaingia barabara kuu wageni wakiimba. Saa kumi kasoro robo tulikuwa tunakaribia mtaa wa Kwa Mathias, hapahapa Kibaha, nami nimeshaanza kuandika kichwani barua ya kumshukuru Bwana Mzava kwa moyo wake mkubwa. Ndipo kofia moja ya kiti cha nyuma ikasimama.

"Dereva, mwanangu, mie nishushe hapa hapa. Ahsanteni, Mungu awabariki."

Nikageuka. Chini ya kofia kulikuwa na ushungi. Chini ya ushungi alikuwa Bi Mwanaidi, jirani wa shangazi.

"Bi Mwanaidi! Shikamoo. Umepandia wapi?"

"Marahaba. Nimepandia kwenu. Namwendea binti yangu hapa Kwa Mathias, Pili kaniambia panda basi la Tatu."

"Na kofia?"

"Kanivisha jua lisinichome. Si ya yule mpagazi wake?"

"Na mpagazi mwenyewe yuko wapi?"

Alinitazama kwa huruma. "Yuko shamba, anachimba muhogo. Kwani hamkumwacha kwa kusudi?"

Mjumbe aliyekaa naye tangu Kurui alikiri alidhani ni mwakilishi wa Lindi. Walizungumza habari za mipaka njia nzima, na alisema mama alikuwa na hoja nzuri.

Nilipiga simu ya mwenyekiti. Ikaita ndani ya koti lake, kwenye kiti cha tatu. Nikapiga ya shangazi, haipatikani, kwa kuwa shangazi simu yake huilaza dukani kwenye chaji. Nikampigia Bwana Mzava kwa sababu ilikuwa lazima nimpigie. Hakufoka. Alisema taratibu, "Kamlete. Na hiyo ilikuwa ziara yako ya mwisho."

Basi likaendelea na wageni. Mimi nikachukua daftari chini ya kiti, nikapanda pikapu ya kituo iliyotumwa kunichukua, nikarudi nilikotoka, na safari hii mvua haikutusubiri. Tulikwama mara mbili. Nilisukuma gari kwa mikono yangu na viatu vimebaki kwenye tope, nikamkumbuka Mzee Kibwana na namna angeniangalia miguu. Nililia pia, niseme ukweli. Nililia kwa sababu nilijua watakachosema. Hawatasema Tatu amekosea. Watasema si tuliwaambia Kisarawe.

Nilimkuta mwenyekiti amekaa kwenye kigoda chini ya upenu, peku, amevaa kikoi cha marehemu mjomba, mume wa shangazi, kikapu cha muhogo miguuni. Shangazi alikuwa anamwekea chai.

"Umekuja kumkomboa?" shangazi akaniuliza. "Simtoi. Kachimba vibaya, kakata mihogo yote katikati."

"Wapima ardhi hatuchimbi, mama, tunaweka alama tu," mwenyekiti akajibu.

Nilikuwa nimelowa, nimechoka, nimeshapoteza kila kitu nilichokuwa nimekipigania. Nikatoa daftari. Sijui kwa nini. Nikafungua ukurasa wenye orodha, nikasimama pale uani kwenye mvua nikaita, "Mihambo?"

Akaniangalia kupitia miwani iliyofungwa uzi. Hakucheka.

"Nipo."

"Uko wapi?"

"Kurui," akasema. Kisha akaongeza, "Mateka."

Tulipofika Kibaha mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka. Kesho yake asubuhi mwenyekiti alifungua mkutano kwa kuwaomba radhi wajumbe, akawaeleza kwamba Wazaramo wamemuuza kwa bei ya kofia moja. Ukumbi mzima ulicheka mpaka mafeni hayakusikika. Bwana Mzava alikuwa amekaa mstari wa mbele, na hakucheka.

Jumatatu aliniita, akanisogezea barua niitie sahihi. Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema mimi, Tatu, nilimwacha mgeni kwa uzembe wa kutohakiki majina. Ya pili ilisema maeneo ya ndani ya Kisarawe si salama wala hayafai kupokea wageni, na kwamba napendekeza ziara zote zifanyike Dar es Salaam.

"Ya kwanza ni kweli," nikasema. "Naitia sahihi sasa hivi."

"Barua ni moja, Bi Tatu. Huwezi kuchagua."

"Huyo mgeni alilishwa, alivishwa, alipewa chai. Si salama kwa nini?"

"Alipotea."

"Hakupotea. Yeye alikuwa anajua alipo, na waliokuwa naye walikuwa wanajua alipo. Sisi ndio tulikuwa hatujui."

"Tia sahihi urudi kwenye kazi yako. Ukikataa unajua unakokwenda."

Nilichukua kalamu nyekundu mezani kwake, nikapiga mstari juu ya aya ya pili, mstari mmoja tu ili maneno yaendelee kusomeka, nikatia sahihi chini ya ile ya kwanza. Ukiangalia vizuri utaona mstari haukunyooka. Kalamu nikaondoka nayo. Ndiyo hiyo.

Stoo nilikaa mpaka nastaafu. Msinionee huruma. Viti ni vitulivu kuliko maprofesa, na havitaki choo. Ila dirisha la stoo linatazama geti, na kila mkutano niliona basi letu likitoka saa mbili asubuhi kuelekea Dar, nikijua kuna mtu ndani anauliza hapa ni wapi na anaambiwa alale. Hiyo iliniuma, na haikuacha kuniuma. Mara chache mjumbe mmoja au wawili walikuja kunitafuta, wamesikia kwa wapima ardhi habari za mwenyekiti aliyetekwa, wanataka kwenda. Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, niliwapeleka kwa gari za abiria. Hata wakiwa wawili niliwaita majina.

Shangazi Pili alifariki nikiwa na mwaka wa tatu stoo. Mnajua desturi ya kazini kwetu. Mfanyakazi akifiwa, kituo kinatoa basi, na mkuu anakwenda, apende asipende, maana mkuu asiyekwenda kuzika hasamehewi. Bwana Mzava alikuja. Basi lilelile lilipita Mlandizi na Mzenga kuja Kurui, limejaa wafanyakazi, na yeye amekaa kiti cha mbele. Alipokelewa. Alikaa mkekani, alikula wali wa msiba kwa mkono, na wazee walimsogezea mto wa kuegemea kwa kuwa walimwona hana raha. Nilimtazama kutoka upande wa wanawake, nikiwa na uchungu wangu, nikajiuliza kama anaikumbuka aya ya pili.

Mzee Mihambo nilikuwa nimempigia simu usiku wa kuamkia siku ya maziko. Naye alikuwa ameshastaafu, anakaa Morogoro kwa mwanawe. Alifika dakika ambayo jeneza lilikuwa linatolewa. Hakupeana mkono na mtu. Alipita moja kwa moja akajilaza chali mlangoni, mzee mzima na suti yake.

"Hatoki mtu hapa!" akapiga kelele. "Mzaramo huyu ana kofia yangu! Ataniachaje mimi bila kofia? Mpagazi hana kofia, jua lote hili! Nipeni kofia yangu ndipo mumzike!"

Watu walicheka na machozi yanawatoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na aliifanya kama aliyezaliwa pale. Kofia ilikuwa chumbani kwa shangazi, imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda. Bi Mwanaidi aliirudisha wiki ileile ya ziara, na shangazi hakumruhusu mtu kuigusa, alisema ni ya mtumwa wake na atakuja kuidai. Niliitoa mwenyewe. Mzee Mihambo akainuka, akaivaa, akajifuta vumbi, kisha akashika mkono wa jeneza pamoja na wajomba. Nilisikia sauti yake ikibadilika walipovuka uzio.

Msije mkadhani baada ya siku hiyo nilirudishwa kitengo cha wageni. Bwana Mzava hakunirudisha, hakuifuta barua, wala hakuniomba radhi mpaka alipohamishwa. Kwa hiyo mkiambiwa Kisarawe ilikatazwa kwa mapendekezo ya Bi Tatu, fungueni faili. Aya ile haina sahihi yangu. Daftari la safari liko nyumbani, nyuma ya Kwa Mathias, na anayelitaka atalipata kwa sharti la kwenda kupita njia na mimi kwanza, kwa miguu pale inapobidi, akiuliza choo, kivuli na msiba. Kofia msishone.

Lakini basi la msiba lilikuwa halijaondoka bado. Baada ya maziko wenzangu walipanda, mimi nabaki kwenye matanga. Nikatoka ndani na daftari, nimejifunga kanga ya msiba, macho yamevimba, nikasimama mlangoni mwa basi kama nilivyofundishwa. Nikaanza kuita. Wa mapokezi, wa jikoni, wa bustani, wa uhasibu, wote wanaijua kazi hiyo, wakaitika mmoja mmoja. "Nipo, Kurui." "Nipo, Kurui." Mzee Mihambo alikuwa amesimama chini ya dirisha na kofia yake nyeupe. Jina moja likabaki.

"Mzava?"

Alikuwa anaangalia simu. Dereva akawasha injini. Nikainua mkono, akaizima.

"Mzava?"

"Nipo, Bi Tatu. Unaniona."

"Uko wapi?"

Aliangalia nje, akaona uzio, turubai, mikeka, wazee waliompa mto, na wanawake wanaosuuza sahani aliyolia wali.

"Kurui," akasema.

Niliandika, nikafunga daftari, nikamwambia dereva anaweza kwenda.